Neno Alilobaki Nalo Bibi

Msambweni, Kwale
7 Machi 1965

Mpendwa mdogo wangu Abdalla,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi ya Baroda kimepona, na chakula cha bwenini umekizoea. Sisi huku miili yetu haina neno, alhamdulillahi. Mama asema ukohoapo unywe maji moto ya tangawizi, wala usione haya kuyaomba.

Simu ya maandishi niliyokupelekea ilikuwa na maneno machache mno kwa msiba mkubwa kama huu. Bibi Mwanatumu alifariki siku chache baada ya Idi, nyumbani kwake Vanga, akazikwa alasiri ile ile. Nilikuwako. Naikumbuka ahadi uliyompa: kwamba masomo yakifungwa mwezi wa Mei utasafiri hadi Porbandar, ukaulizie habari za babake. Nakuandikia kabla hujakata tikiti, kwa kuwa safari hiyo huenda yataka kubadilishwa nia, ingawa si kuvunjwa.

Kisa cha Bibi wakijua kama nikijuavyo. Mwaka wa njaa kubwa ya kwao Bara Hindi, nahodha mmoja alimshusha Vanga angali mtoto mdogo, akasema amemtoa Porbandar, akamwacha kwa wazee waliomlea na kumpa jina. Lugha yake ikampotea yote isipokuwa neno moja. Alipougua, au alipoota vibaya, aliita, "Ba." Na kwetu mtoto akisema Ba, nani hajui kuwa amwita babake? Ndipo sote tukakua na hasira na mwanamume yule aliyempakia mwanawe chomboni kama mzigo asimfuate.

Nilipokuwa Makerere nilidhani nimemjua Bibi zaidi. Hata sasa nawasomesha wasichana wangu historia ya nchi hiyo uliyoko: miji ya kale ya bonde la Indus, mfalme aliyejutia vita vyake, Wamughali na makaburi yao ya marumaru, kisha wafanyabiashara wa Kiingereza waliokuja kununua vitambaa wakaishia kutawala. Njaa iliyomleta Bibi imepewa aya moja kitabuni. Mvua zilikosa, ni kweli. Lakini kodi ya ardhi iliendelea kudaiwa, na wenye njaa walivunjishwa mawe ndipo wapewe chakula. Nikifika hapo darasani hugeukia ubao.

Siku yake ya mwisho Bibi aliita tangu alfajiri. Mama alikuwa amemshika mkono, akimlowesha midomo kwa pamba, kama alivyofanya muda wote wa maradhi. Mjomba Mbwana akaingia, akasimama akisikiliza.

"Amwita babake," akasema. "Nipishe nikae mimi. Sauti ya mwanamume itamtuliza."

"Sauti hiyo ya kunadi papa ndiyo ya kumtulizia mgonjwa?" Mama akamwambia, na hata Mjomba mwenyewe akacheka. Lakini Mama akampisha, akaenda kukaa uani.

Kila Bibi alipoita, Mjomba aliitika, "Niko hapa, mwanangu," mtu mzima akimwita mamake mwanangu. Bibi akageuza uso ukutani. Akaita tena. Aliita hivyo hadi pumzi zilipomwisha.

Tukiwa bado matangani, Jaya, mke wa mwenye duka pale Vanga, alikuja kutupa pole, akaketi nasi mkekani. Punde bintiye mdogo akatokea mlangoni, goti limechubuka, analia, "Ba! Ba!" Nikamwambia mtoto babake hayuko huku, yuko dukani.

"Na akae huko huko!" Jaya akacheka, huku akiinuka kumpokea. "Huyu hata akivunjika mguu hamwiti yeye. Ba ni mimi, mwalimu. Kwetu Kathiawar, Ba ni mama."

Kathiawar ndiko iliko Porbandar, lakini yeye hakujua alichokisema. Mama alikuwa kando yangu akichagua mchele, na mikono yake ikasimama juu ya uteo.

Wageni walipoondoka aliniuliza, "Kwa hiyo alikuwa akitaka mamake, nami nikauondoa mkono wangu?"

Nilimjibu kwamba hatuna hakika. Mgonjwa huweza kutoa sauti isiyo neno. Tena Bibi mwenyewe, kwa miaka aliyoishi nasi, huenda alikwisha kuamini kuwa Ba ni baba. Mama alinisikiliza kwa adabu mpaka nikamaliza.

"Aligeuka ukutani, Khamisa," akasema.

Mjomba hatujamwambia, wala sijui kama ni haki kumwambia.

Tangu hapo nawaza kwamba labda hakukuwa na baba aliyemtupa mtoto. Labda alikuwako mwanamke asiye na cha kumlisha mwanawe, akamkabidhi kwa nahodha ili aishi, yeye akabaki bandarini. Labda alikuwa amekwisha kufa. Najihadhari nisimtungie hadithi nzuri zaidi kwa sababu tu ile ya kwanza imetuvunjikia mikononi. Lakini umri wetu wote tumemlaumu mtu kwa neno ambalo halikuwa lake.

Basi nenda Porbandar, ila usiulizie baba. Tafuta wanawake wakongwe wanaoikumbuka njaa ile, uwaulize kama yupo aliyesikia habari za mama aliyempandisha chomboni mtoto wa kike. Sitaraji kwamba watajua. Wasipojua, simama bandarini ulitamke neno hilo mara moja, kwa maana yake. Haya ni maagizo ya Mama. Mimi peke yangu ningeona haya kukuandikia.

Mama akusalimu sana, na Jaya vilevile. Mjomba Mbwana pia akusalimu. Yeye asema ukijaliwa kulipata kaburi la yule mzee, umwambie tumemsamehe.

Mola akuhifadhi ugenini, akurejeshe kwetu salama.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Khamisa