Rivasi Hadi Mlangoni

3 Machi

Mwanangu,

Marahaba, maana najua shikamoo yako iko njiani. Mimi mzima, ng'ombe wazima, mgonjwa ni hili gari ulilonichagulia mwenyewe hapo dukani kwenu. Simu zangu hupokei, basi soma.

Nikiteremka mlima na madebe ya maziwa, gia ya pili inachomoka yenyewe. Gari linakimbilia bondeni, nami nabaki na breki na Mungu. Chini ya miguu panasaga kama pana kokoto. Kila nikilileta gereji kwenu, fundi analizungusha uani, anasema halina neno. Mwambie mlima hauko uani.

Shangazi yako

11 Machi

Shangazi mpendwa, shikamoo.

Huku sijambo, ila usingizi siupati kwa ajili yako. Meneja anasema gari ni zima, tatizo ni dereva: unakanyaga klachi kwa kandambili. Ameandaa karatasi. Ukisaini kwamba uliliendesha vibaya, watakufungia giaboksi nyingine.

Saini tu, shangazi. Bado niko kwenye majaribio ya kazi, na meneja anajua wewe ni nani wangu. Nakuomba usiniharibie.

Mwanao

14 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Karatasi yenu nimefunikia debe la maziwa.

Naendesha tangu hujaota meno, na kandambili hizi ndizo zilizokupeleka shule. Nimeuliza kituo cha maziwa: wenye magari kama langu tuko watano, na gia ya pili inatuchomoka sote. Sote hatujui kuendesha? Juzi mzee mmoja kaingia mtaroni na mkewe, wamepona kwa bahati tu. Nikisaini, mnunuzi atakayefuata ataambiwa hakuna aliyewahi kulalamika.

Langu sasa limekataa gia zote isipokuwa rivasi. Jumatatu nitavutwa hadi kituo cha mafuta kilicho jirani yenu, kisha nafungua kamba. Mlangoni kwenu naingia kwa injini yangu, kinyumenyume. Ukiona aibu, funga macho.

Shangazi yako

22 Machi

Shangazi, shikamoo, pamoja na ile ya Jumatatu niliyokunyima.

Nilikuona ukija, shingo nje ya dirisha, kilemba kimekwenda upande, wenzako wa kituo cha maziwa wanakufuata kwa honi. Nilijificha nyuma ya gari la maonyesho nikijifanya natafuta kalamu. Nilitamani ardhi inimeze.

Meneja aliponipa ufunguo wako niwaonyeshe wateja kwamba anayejua anakwenda mbele, nilijaribu kila gia, tena nimevaa viatu vyangu vya ngozi. Uliona lilivyorudi nyuma. Ambacho hukusikia ni alichoninong'oneza dirishani: "Sema ni kandambili, kesho nakuajiri moja kwa moja." Nikakutazama umesimama pale, mikono kiunoni, huniombi kitu. Ndipo nikatamka yale uliyoyasikia, kwamba gari ni bovu na ni mimi niliyekuuzia.

Jioni ile nilifukuzwa. Nina hofu ya kesho, lakini sijuti.

Mwanao

29 Machi

Mwanangu,

Marahaba mbili, nimezipokea.

Kwa yale uliyosema mbele ya wateja, sote tumefungiwa giaboksi mpya, na hakuna aliyesaini. Jana niliteremka mlima wote, gia ya pili ikakaa palepale nilipoiweka. Nilicheka peke yangu hadi bondeni.

Mgongo wangu umechoka na madebe, kwa hiyo kazi unayo. Njoo Jumamosi. Utaendesha wewe, mimi nitakaa kando nikukosoe. Viatu vya ngozi viache hukohuko. Kandambili zako nimeshanunua.

Shangazi yako