Maji ya Betri Waliyokunywa Kuku

Jumamosi, 1 Septemba 1956

Nimefuta pikipiki. Mnyororo mafuta, spoki moja moja, tangi mpaka nikayaona meno yangu. Kazi ya kila Jumamosi. Nimepiga honi, imekohoa kama mzee mwenye pumu. Betri imechoka. Ni ileile niliyoikuta humo nilipoinunua pikipiki kwa Mzungu aliyekuwa anarudi kwao.

Zipo pikipiki za zamani zinawaka bila betri. Hii hapana. Betri ikifa, inabaki chuma cha kulalia kuku.

Harusi ya Kabula tarehe 29, kanisani Kahama. Maili kumi na mbili. Nimeshawatangazia wote: bibi harusi atatoka mlangoni kwangu akiwa nyuma ya mjomba wake, honi ikilia mpaka mlango wa kanisa. Huku hakuna binti aliyeolewa hivyo. Hata binti wa mtemi. Padre amesema atakayemfikisha mlangoni ndiye ataingia naye mpaka mbele. Basi ni mimi. Miaka kumi na moja nimemlea, tangu dada yangu Milembe afariki. Baba yake, Luhende, akaenda mgodini Geita akazama huko. Kitenge Krismasi, barua Pasaka. Huo ndio ubaba.

Sasa nasikia anakuja. Aje. Benchi za nyuma zipo.

Jumatatu, 3 Septemba

Shinyanga, dukani kwa Kanji. Betri mbili, zote mpya, kavu, hazijatiwa maji makali. Moja ndogo, saizi ya sanduku la pikipiki yangu. Nyingine kubwa kama tofali mbili, ya gari dogo. Nguvu ya umeme moja, kasema Kanji, volti sita zote. Mimi nimechukua kubwa. Nani aende sokoni aache fahali achukue ndama?

Kanji kakunja uso. "Masanja, hii haiingii mahali pake."

Nimemwambia, vitani Burma nilifunga injini ya lori kwa kamba ya viatu ikatembea siku tatu. Akasema, "Huko Burma ulikuwa mpishi, ulinieleza mwenyewe." Banyani ana kumbukumbu ya tembo.

Akaijaza asidi, akanipa maneno. Asidi inatiwa mara moja tu, leo. Baadaye ikipungua ni maji tu, yale ya betri, au ya mvua safi. Ya kisima, hapana. Akataka niiache ichajiwe mpaka kesho. Sikukubali. Asidi iliyobaki nikaiomba, robo chupa. Kitu cha bure hakiachwi.

Nimeifunga kwa mpira wa tyubu upande wa kushoto, karibu na injini. Imekaa vizuri kabisa.

Alhamisi, 6 Septemba

Honi! Wachunga ng'ombe wameshika masikio. Jioni kilabuni nimewaeleza jinsi nilivyokutana na simba njia ya Buzwagi, nikabonyeza honi, simba akaketi kama mbwa. Wamecheka. Mzee mmoja akauliza, simba alikupa mkono? Wivu. Mtu mwenye miguu miwili hawezi kumpenda mwenye magurudumu mawili.

(Alikuwa fisi. Na alikuwa anaondoka tayari.)

Jumatano, 12 Septemba

Luhende amefika. Kwa baiskeli, kutoka Geita, siku tatu. Amekonda, nywele nyeupe upande mmoja. Nilitegemea saa ya mkono na viatu vya Mzungu. Hana. Nimeudhika kwa kuwa sina cha kumchukia machoni.

Kabula alikuwa anatwanga. Akaacha mchi, akapiga goti. "Shikamoo baba." Sauti ile hajawahi kunitolea mimi. Nimeenda kuangalia ng'ombe ambao hawakuhitaji kuangaliwa.

Luhende kaniletea zawadi, chupa kubwa ya maji. Maji! Mtu anatoka kwenye dhahabu anakuletea maji. Anasema ni ya betri, ya mvuke, kwamba Kabula alimwandikia habari za pikipiki yangu. Kumbe miaka yote hiyo kazi yake ni chumba cha taa. Wachimbaji wanashuka chini na taa kichwani na betri kiunoni, wakipanda yeye anazipokea, anazifungua, anazijaza, anazichaji. Hajawahi kushuka shimoni hata siku moja. Nimecheka mbele ya watu. Nimesema, "Shemeji, sisi tulidhani unachimba, kumbe unanywesha taa!"

Akaendelea kufungua mzigo wake. Watu wasiojibu siwapendi.

Jumapili, 16 Septemba

Nimetoka kanisani nimemkuta Luhende amechutama mbele ya pikipiki YANGU, vizibo vya betri MKONONI. Hakuniomba ruhusa.

"Shemeji, imekauka. Mabamba ya ndani yametokeza nje ya maji. Inaungua hapo ulipoifunga, injini inaichemsha. Tena dainamo yako ndogo, haiwezi kuishibisha hii."

Majirani wanasikiliza. Mke wangu anasikiliza. Kabula yuko mlangoni.

Nimemwambia mengi. Kwamba hapa si Geita. Kwamba anayejua kunywesha betri angejua kumnywesha mtoto wake uji. Kwamba mimi ndiye mjomba na pikipiki ni yangu na bibi harusi atapanda nyuma yangu. Nikaichukua ile chupa yake nikaimimina yote kwenye chombo cha kuku. Wakaja mbio. Kiangazi hiki hata kuku wana kiu.

Luhende akarudisha vizibo kimoja kimoja, akavifuta kwa shati lake. Kabula akaingia ndani.

Nilishinda.

Ijumaa, 21 Septemba

Asubuhi haikuwaka. Nimesukuma mpaka mtoni ndipo ikashtuka. Honi inanong'ona. Siku nane zimebaki.

Nimefungua vizibo mwenyewe, hakuna mtu karibu. Kweli kukavu. Mabamba yameota weupe kama ulimi wa mgonjwa. Maji ya mvua hakuna, pipa limekauka tangu Juni. Kisima chetu kina chumvi, hata chai inakataa. Maji ya Luhende yako matumboni mwa kuku. Kumwomba mengine siwezi. Afadhali nife.

Mke wangu anapika pombe ya harusi. Mtungi mmoja ulikuwa umelala, hauchemki. Nikamwona anaongeza kimea, basi. Kufika jioni unatoa povu, unaimba. Hapo akili ikanijia. Pombe iliyopoa huongezewa ukali, haiongezewi maji. Betri nayo ni mtungi. Kanji ni mfanyabiashara, anataka nirudi kununua.

Nimetoa ile robo chupa ya asidi juu ya kabati. Nimemimina yote.

Jumanne, 25 Septemba

Honi inalia kuliko siku betri ilipotoka dukani! Taa inamulika mpaka kwa jirani. Nimepita mbele ya Luhende mara tatu nikibonyeza. Akainua kichwa tu.

Akili haifundishwi chumba cha taa.

Betri ni ya moto kidogo. Inatoa harufu inayokwaruza koo. Suruali yangu ya kazi ina vitobo gotini. Panya.

Ijumaa, 28 Septemba

Kila kitu tayari. Gauni jeupe limeletwa na fundi, marinda mpaka chini. Kabula amelivaa mbele yangu, akasema, "Mjomba, Mama angeniona." Nikatoka nje.

Nimemwambia Luhende kesho aondoke mapema na baiskeli yake, asije akala vumbi letu. Amesema atafuata nyuma tu, polepole.

Jumamosi, 29 Septemba

Sina la kuandika leo.

Jumapili, 30 Septemba

Nitaandika. Kwa watu nimesema lao, hapa niandike langu.

Tulitoka vizuri. Vigelegele. Kabula alikaa upande, miguu kushoto, gauni amelikusanya mapajani, pindo likining'inia. Honi kila nyumba. Watoto wanakimbia. Maili saba nilikuwa mfalme. Najua mtu aliye mfalme anavyojisikia, na sitapata tena.

Karibu na Buzwagi honi ikakatika katikati ya mlio. Kisha injini. Hakuna kishindo. Ilinyamaza tu.

Nikapiga kiki mpaka shati likalowa. Nikasukuma, nikarukia, nikasukuma. Betri inachemka, maji yanatoka kwenye vizibo. Kabula amesimama kando ya njia na gauni jeupe kwenye vumbi. Watu wa kijiji wakaja kutazama. Mama mmoja akasema, "Huyu si ndiye bwana aliyemkalisha simba?" Wakacheka. Jua linapanda. Padre hangoji, ana ndoa nne.

Luhende akafika. Polepole, kama alivyosema. Akashuka, akaegemeza baiskeli. Hakucheka. Nilitamani acheke, ningempiga, mambo yangekuwa rahisi. Akafungua kizibo, akanusa.

"Umetia nini?"

"Maji."

Akaitazama suruali yangu. Ile ya harusi. Ilikuwa na vitobo vipya, moshi bado. Akafunga kizibo. Akavua koti lake, akalikunja, akaliweka kwenye keria ya baiskeli.

Kabula hakupanda. Alinigeukia. Hili ndilo linalonila. Baba yake ameshika baiskeli, kanisa linangoja, na yeye ananitazama mimi.

"Mjomba, niende?"

Ningesema nenda ng'wanawane, mwanangu. Ningesema Mungu akutangulie. Maneno mangapi ninayo! Nina maneno ya kumkalisha simba. Nikasema, "Nenda na aliyekuzaa. Mimi nilikuwa mlinzi wa mtoto wa watu."

Akapanda. Hakulia. Alishika shati la baba yake kwa mikono miwili.

Nimesukuma pikipiki maili tano. Nimefika kanisani watu wanatoka. Luhende yupo ngazini, Kabula mkono wa kulia, mwalimu wa Nyahanga aliyemwoa mkono wa kushoto. Nikangoja aibu yangu. Watu wakanijia, "Pole Mzee Masanja, pole, tairi ni kitu kibaya." Tairi? Luhende amewaambia tairi lilipasuka.

Nikaitikia. "Mwiba, jamani. Mwiba kama kidole."

Jumatano, 10 Oktoba

Kilabuni wananiuliza habari za mwiba. Mwiba sasa una urefu wa mkono. Nawachekesha. Miaka yote nimedanganya watu kwa uongo wangu mwenyewe, niliutunga, nilikuwa nao fahari. Huu si wangu. Nimeazimishwa na mnywesha taa.

Luhende amerudi Geita. Aliaga, akaniita shemeji, akanipa mkono. Betri nimeifungua. Mabamba yamemomonyoka, tope jeusi chini. Imekufa kifo cha ndani.

Jumapili, 14 Oktoba

Kabula na mumewe wamekuja kusalimia. Amemletea mke wangu, anayemwita shangazi, sukari. Amevaa gauni la harusi, limekuwa fupi, chini ya goti kidogo. Mke wangu akashangaa, marinda yote yale yako wapi? Kabula akasema siku aliyolifua pindo lote la chini lilibaki mkononi kama karatasi iliyolowa. Amelikata, amelipindia upya. "Afadhali hivi, Shangazi, nitalivaa hata sokoni."

Hakunitazama aliposema.

Nilingoja mpaka mumewe akatoka kuangalia ng'ombe. Nikamwambia. Sikulipamba. Nikasema haikuwa tairi. Nikasema nilitia asidi, na maji ya baba yako niliwapa kuku, na gauni lako nimelila mimi. Na lile neno la njiani, nalo.

Akapindapinda pindo lake fupi kidoleni.

"Najua, Mjomba. Baba aliniambia tukiwa bado kwenye baiskeli. Akasema nisikuulize, nikungoje useme mwenyewe."

"Na kama nisingesema?"

"Ningengoja."

Jumapili, 4 Novemba

Mvua. Ya kwanza ilikuja Ijumaa, hiyo nimeiacha ioshe vumbi la hewani. Leo ya pili.

Ile chupa kubwa ya Luhende ilikuwa nyuma ya banda la kuku. Nimeiosha mara nne, nikaweka faneli na kitambaa safi, mahali pa wazi, mbali na mti na paa. Nimekaa barazani kuilinda. Kuku walikuja, nimewafukuza.

Imejaa kabla ya adhuhuri. Nimeifunga. Iko juu ya kabati, palepale palipokuwa na asidi.

Betri sina.