Rundo la Maranda la Baba Mkwe

Mpendwa Mshauri Bi Demetria,

Naomba msaada, na naomba kwa unyenyekevu ambao, wanaonifahamu watakuambia, si desturi yangu. Mimi ni kijana wa miaka ishirini na saba, mhitimu wa shahada ya kemia, mkazi wa Temeke, nimesoma kila kitabu ambacho maktaba ilikubali kuniazima, na nimemchumbia Najat, binti wa Mzee Marijani, seremala wa Keko, na furaha yangu ni kubwa kiasi kwamba wakati mwingine najikuta nasalimia hata watu ninaobishana nao.

Katika ua wa akina Najat kipo kisima alichochimba babu wa mama yake, Bi Hamisa, na desturi ya nyumba ile ni kwamba bibi harusi huogeshwa kwa maji ya kisima hicho kabla ya nikaha. Bibi yake aliogeshwa kwayo, mama yake pia. Lakini tangu biashara ziachiwe huru na magari ya mitumba yajae mjini, jirani mmoja alifungua gereji, akazika tangi la dizeli ardhini pasipo kinga yoyote, kisha akahama akaliacha linavuja, hata udongo ukalowa na maji ya kisima yakaanza kung'aa rangirangi na kunuka kituo cha mafuta. Tangi limekwisha kufukuliwa. Uchafu ndio uliobaki.

Barua ya posa, ambayo kwa wenzangu huwa ukurasa mmoja wa adabu, mimi niliiandika kurasa saba, na tano kati ya hizo zilihusu kisima: namna nitakavyopuliza hewa ardhini kwa kompresa ili dizeli ipae, namna nitakavyovuta maji na kuyapitisha katika mapipa ya mkaa, na katika ukurasa wa nne nikaandika kwamba “njia za kienyeji, kama kumwaga maranda, ni kujidanganya”, nikijua wazi kuwa mzee ndivyo anavyofanya karakanani mwake kila mafuta yanapomwagika. Mshenga wangu, Mzee Mwishehe, aliisoma yote mbele ya wazee hadi chai ikapoa. Majibu yalikuja kwa mistari miwili: “Binti tumeridhia. Kisima tunasubiri.”

Nikaazima kompresa kwa fundi wa pancha, nikazamisha mabomba, nikawasha, na mtaa mzima ukanuka dizeli, na kila nilipokaribia kupata matokeo mgawo wa umeme ulinikuta, na kina mama wakawa wakipita wananiuliza, “Msomi, leo unatupikia nini?” Mzee Marijani alichukua koleo lake. Alichimba ule udongo uliolowa, akaumwaga juu ya sakafu ya saruji ya karakana yake ya zamani, kando ya ua, akauchanganya na maranda na samadi ya ng'ombe, akaunyunyizia maji, akaufunika turubai, na kila Ijumaa akitoka msikitini huupindua kwa koleo. Nilipombishia kwa hoja sita alinijibu, “Baba, mafuta nayo ni chakula. Yanataka walaji, na walaji wanataka hewa. Nipishe nipindue.”

Bi Demetria, baada ya miezi minne rundo lile halinuki! Mchicha umeota juu yake! Nilichukua sampuli kwa siri nikampelekea rafiki yangu Ansbert, anayefanya kazi maabara, akaniambia mafuta yamebaki sehemu moja tu katika kumi, nami nilicheka peke yangu barabarani kwa raha ya kuona jambo zuri la kisayansi, kisha nikakumbuka ukurasa wa nne.

Ijumaa iliyopita wazee wa posa walikuja kukagua, Mzee Mwishehe akashika udongo, akaunusa, akapaza sauti: “Mashallah! Elimu si mchezo. Marijani, mkwe huyu usimwachie!” Wote wakanigeukia kwa pongezi, nami, badala ya kusema kweli, nikainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu nikasema, “Tunajitahidi.” Mzee Marijani alinitazama, akatabasamu, akaendelea kupindua. Lakini Najat alikuwa dirishani. Jioni aliniambia, “Mie nakupenda, Suhaib, na wewe unajua. Ila maji yakisafika na ulimi ukabaki na dizeli, siogi.”

Harusi ni mwisho wa Shaabani, majuma sita tu yajayo, na maji ya kisima bado yana utando. Naomba uniambie ni teknolojia ipi niichague sasa: kompresa, mapipa ya mkaa, au rundo? Aidha naomba upime hoja yangu: kwa kuwa vijidudu vinavyokula mafuta ni sehemu ya taaluma yangu, je, haiwezi kusemwa kwamba rundo lile ni langu kwa maelezo, ijapokuwa si kwa mikono?

Wako katika mashaka yenye furaha,
Suhaib, Temeke.

*

Mwanangu Suhaib,

Haiwezi kusemwa. Hoja yako nimeipima, nayo ni nyepesi kuliko hayo maranda.

Kwanza hongera. Barua yako nimeisoma hapa Kibamba nikicheka, mume wangu akauliza kuna nini, nikamsomea, akacheka kunishinda. Umepata mchumba anayekupenda na anayekuambia ukweli siku hiyohiyo, tena kwa sentensi moja. Wengine huupata mwaka wa kumi wa ndoa, tena kwa sahani kuvunjwa.

Sasa tuseme. Umeniuliza swali la teknolojia ili usiniulize la aibu. Nitajibu yote mawili, nikianza na lako la kujificha, maana nimemtafuta mtaalamu wa maji nikamuuliza. Anasema udongo kupona si maji kupona. Rundo limeondoa chanzo, na hiyo ndiyo kazi kubwa. Liacheni liendelee kupinduliwa. Kompresa mrudishie fundi wa pancha, ana watu wanamsubiri. Lakini mapipa yako ya mkaa, mwanangu, hapo hukukosea: engua kwanza ule utando wa juu, kisha vuta maji, yapitishe kwenye mkaa, badilisha mkaa mara kwa mara, na ule uliotumika usipikiwe wala usitupwe mtaroni. Halafu umpelekee Ansbert maji safari hii, waziwazi, mara mbili, na mara nyingine tena baada ya mvua. Pua ya Mzee Mwishehe si maabara. Majibu yasipokuwa mazuri kufikia harusi, Najat ataoga maji ya bomba na Bi Hamisa atakasirika wiki moja. Ngozi ya bibi harusi haijaribiwi. Na huo mchicha, kabla mtu hajautia nazi, ung'oeni!

La pili, la aibu. Umeona fahari kumfundisha seremala kemia, naye amekufundisha hiyohiyo kwa koleo, bila kukuumbua mbele za watu. Alipotabasamu alikuwa anakupa nafasi ya kusema. Ulipewa kimya kama zawadi, wewe ukakitia mfukoni kama mshahara. Hapo ndipo ulipokosea, si kwenye mabomba. Kushindwa na jaribio si aibu. Wewe uliyesoma unajua hilo kuliko mimi.

Fanya hivi. Usiende kuhutubia, maana nakuogopa. Utaanza na msamaha utaishia na hoja sita. Ulimtukana mzee kwa barua, basi mtakase kwa barua. Mwombe Mzee Mwishehe awaite wazee walewale, Ijumaa, palepale kwenye rundo, awasomee ukurasa mmoja wenye mstari mmoja: “Ukurasa wa nne ulikosea, rundo ni la Baba, na mimi naomba kuwa mwanafunzi wake.” Uliweza kurasa saba za kujisifu, mstari mmoja hautakushinda. Ukisha kusomwa usiongeze neno. Vua shati, chukua koleo kwenye mikono ya mzee, upindue wewe.

Utajuaje kama umesamehewa? Usimuulize Najat. Pindua tu, huku masikio yako yakiwa uani. Ukimsikia anamwita mama yake amtafutie ndoo ya kuogea, jua harusi ipo.

Mshauri wako,
Bi Demetria.