Ufunguo Aliokuwa Nao Neema

Jumatano, usiku

Daftari langu, samahani, nimekutelekeza siku nyingi. Leo nisipoandika sitalala.

Stata ya gari imekufa tangu wiki iliyopita. Asubuhi majirani hapa Kasulo wakishalisukuma likawaka, silizimi tena mpaka jioni. Nikishuka naliacha linanguruma na ufunguo wake ndani, nafunga milango, nafungulia kwa ufunguo wa pili.

Leo mwanangu Neema alilia njia nzima, nikampa huo ufunguo wa pili achezee. Tulipofika Benaco nikashuka kumwita mteja wa ndizi, nikabonyeza kitufe cha kufungia na kuubamiza mlango kama nilivyozoea. Nilipogeuka nikamwona nyuma ya kioo, ufunguo uko mdomoni, anacheka.

Vioo vyote viko juu, jua la saa saba, na moshi wa gari lile unavyoingia ndani naujua mimi.

"Mwambie akufungulie, Mama Neema," dereva mmoja alinitania. Mtoto akaanza kulia, na yule dereva akaacha kucheka. Akaokota jiwe.

"Tumpigie kwanza mwenye gari?" aliniuliza.

"Mwenye mtoto ni mimi. Vunja cha mbele, yeye yuko nyuma."

Neema alitoka amelowa jasho, akaning'ang'ania shingoni.

Nilimpigia baba yake, ndiye mwenye gari, yuko Biharamulo kwenye kibarua. Aliuliza kioo kipi. Habari za mtoto aliziuliza baadaye.

Sikugombana naye. Nimemwambia gari halitoki hapa mpaka atume stata nzima na kioo cha mlango wa dereva. Na yeye mwenyewe aje, ambebe mwanawe.