Namba ya Gari la Nyaga

Dada Kanana mpendwa,

Natumaini barua hii imekukuta salama, wewe na wanafunzi wako wa taipu hapo mtaani Dallas, Embu. Na kifua cha Mama kule Kiirua, je, baridi imekiachia? Mimi mwili ni mzima.

Anayekuletea barua hii ni Nyaga, dereva wetu, mtu wa hapo Embu. Mkaribishe kwa uji, maana hawezi kutafuna. Taya lake limefungwa kwa waya.

Kompyuta za ofisi yetu huku ugenini, kwenye nchi ya vita, zimetoka Ufaransa. Herufi zimehamishwa mahali, nazo nilizizoea. Lakini namba hazitoki mpaka ubonyeze kitufe kingine pamoja nazo. Ukisahau, zinatoka alama tupu. Jumanne iliyopita nilipiga kibali cha njia cha Nyaga kwa haraka, macho kwenye karatasi ninayonakili, kama ulivyotuzoeza ukitufunika mikono kwa leso. Nikagonga muhuri bila kusoma.

Saa nne askari wa kizuizi cha barabarani walimleta ofisini wakimburuta. Walikuwa wamemvunja taya kwa kitako cha bunduki. Mkubwa wao akanitupia kibali usoni. Mahali pa namba ya gari palikuwa na alama zisizosomeka.

"Hii ni lugha ya waasi. Nani aliandika?"

"Ni mashine, afande."

"Mashine! Basi andika tena nione. Ikikataa, huyu hatoki hapa."

Akamkanyaga Nyaga shingoni na kumwekea mtutu sikioni. Kanana, nilitazama kila kitufe. Nilipiga kwa kidole kimoja, namba moja moja, huku nikimsikia Nyaga akikoroma kwa damu. Zilipotoka sawa, yule mkubwa alicheka, akampiga teke la mbavu. "La kuagana," akasema, wakaondoka.

Nyaga anadhani nilimwokoa. Jana aliniandikia kwenye karatasi: "Mwenda, hiyo mashine yenu ingeniua. Asante, ndugu yangu." Nilimshika mkono tu. Mara tatu nimejaribu kumwambia kosa ni langu, mara tatu nimeogopa. Sasa bahasha nitaifunga kwa gundi nimpe aitie mfukoni, asijue amebeba nini.

Msalimie Mama, na mjomba wetu fundi cherehani wa Kinoru. Hili la bunduki usimwambie Mama.

Nyaga akishamaliza uji, msomee barua hii yote, usiruke kitu. Halafu niandikie alichosema, hata kama ni matusi.

Ni mimi mdogo wako,
Mwenda