Mama Odessa, Uliyeisikiliza Santuri ya Lavell

Mwaka umetimia, Mama, tangu ulipotuacha, na nyumba yako hapa Compton haijauzoea ukimya huu. Hakuna tena anayetuuliza maswali.

Maana ulikuwa mtu wa kuuliza. Miaka yote uliyofua mashuka ya hospitali, ulirudi jioni na habari za wagonjwa ambao hata sura zao hukuziona. Dukani ulimuuliza mtu usiyemjua bamia zile atazipika na nini, kisha ukamkosoa.

Kaka yetu Lavell aliporekodi santuri yake ya kwanza, muziki ule haukuwa hata na jina. Vijana walifoka kuhusu bunduki, polisi na magenge, kama walivyoyaona barabarani. Magazeti yalikuja baadaye kuuita rapu ya kigangsta. Nakala za mwanzo zilipoanza kupita mikononi mwa watu, mchungaji akazilaani mbele ya kanisa zima.

Ulimngoja mlangoni. "Umeisikiliza, Mchungaji?"

"Siwezi kuingiza kitu kile nyumbani kwangu, Dada Odessa."

"Basi nitaisikiliza mimi."

Uliiweka kwenye gramafoni nyumbani, Lavell akataka kutoroka. "Keti hapo," ukamwambia. Kila baada ya mistari miwili uliinua sindano. "Hapo umesema nini? Una magari matatu? Wewe uliyerudisha langu juzi halina petroli?" Tulicheka hadi machozi. Matusi uliyapita umekunja uso, lakini hukuizima, mpaka ulipofika wimbo wa nne, wa kijana aitwaye Dupree aliyepigwa risasi akikimbia.

"Dupree huyu ni mtoto wa Bi Hortense?"

"Ni wimbo tu, Mama."

"Sikuuliza kama ni wimbo."

"Ndiye."

"Mama yake ameusikia?"

Ukavaa kofia yako ya kanisani, ukambebesha Lavell santuri, mkaenda.

Bi Hortense alisikiliza akiwa amesimama. Wimbo ulipokwisha, akamtazama Lavell. "Nani kakwambia alikimbia?"

"Ndivyo wanavyosema watu, Bi Hortense."

"Watu hawakuwepo. Mimi nilikuwa dirishani. Alirudi kumchukua dada yake." Kisha akasema, "Jina lake usiliondoe. Liseme kwa nguvu zaidi."

Santuri zilikuwa zimeshachapwa, masanduku yamejaa gerejini. Alipokataa kuziuza, wenzake walimwita mwendawazimu, na mmoja hakusema naye tena. Lavell akarudi studio, akaurekodi upya wimbo ule, Dupree akirudi badala ya kukimbia. Santuri mpya ilipofika sokoni, msimu mzima ulikuwa umepita. Wengine walikuwa wametoa zao, na hao ndio wanaotajwa leo kuwa waanzilishi.

Hilo nalo ulitaka kulijua. Mwezi wako wa mwisho, ukiwa kitandani, ulimshika Lavell mkono. "Niambie kweli, mwanangu. Unajuta?"

"Siku nyingine najuta, Mama."

"Na siku nyingine?"

"Nakutana na Bi Hortense barabarani, ananiita mwanangu."

Ukatabasamu, ukaomba maji, ukalala.

Unakumbukwa na wanao Lavell, Curtis na mimi Nadine niliyeandika haya, wakwe zako, wajukuu zako wote, na Bi Hortense, aliyekaa safu moja nasi siku ya kukuzika, kwa sababu tulimwomba.

Hutatoka mioyoni mwetu, Mama, kamwe.