Mstari wa Nne

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu, uzigawe humo ndani: shemeji apate zake, watoto zao, na wewe ubaki na fungu kubwa. Goti la shemeji linaendeleaje? Mwambie ngazi ni za vijana, akubali tu kukaa chini. Mimi ni mzima wa afya, ila shingo inaniuma kwa kuinamia meza, maradhi uliyonitabiria tangu nilipokuwa nikichora ukutani kwa mkaa.

Nilikuambia kwamba nimehamia karakana ya vitabu vya watoto. Tuko wanne tu. Mimi nachora. Binti mmoja tunayemwita Miwani anaandika hadithi. Yuko fundi wa mashine ya kuchapia, na yuko mwenye karakana, mama wa makamo ambaye maneno yake ni ya kuhesabu.

Mwanzoni kila kazi ilikaguliwa na sisi sote, yaani haikukaguliwa na mtu. Tukatoa kalenda ya ukutani yenye Aprili mbili na isiyo na Mei. Kila mmoja alidhani mwenzake ameangalia. Shule iliyoiagiza ikatuandikia kwa upole, ikauliza walimu waliozaliwa Mei watazeeka lini. Tulicheka sana, kisha aibu ikatushika. Mwenye karakana hakumfokea mtu. Alichukua karatasi ya kijani, akapiga mistari mitatu: aliyetengeneza, aliyekagua, aliyeidhinisha. Akasema kila kazi itatembea na karatasi yake, na ni mwiko mtu mmoja kutia sahihi mara mbili kwenye karatasi moja. Miwani akapewa kukagua. Kuidhinisha nikapewa mimi, isipokuwa michoro yangu mwenyewe, ambayo angeidhinisha mwenye karakana.

Usinicheke, lakini kichwa kilivimba. Hata kalamu ya kutilia sahihi niliitengea mfuko wake peke yake.

Ndipo kikaja kitabu cha fundi cherehani anayewashonea nguo wanasesere wa mtaa mzima. Nilipoanza kumchora, sura iliyonijia ni yako. Sikuitafuta, dada. Kitambaa cha kichwa kimefungwa upande, pini mdomoni, jicho moja limefumbwa ukitunga uzi. Kurasa za ndani nilimchora na mkono wako wa kushoto kama ulivyo, vile vidole viwili vilivyokunjika vikashikana. Kwenye jalada nikavinyoosha. Mwenye karakana alikuwa safarini, na paka akiondoka panya hutawala: nikasema kazi inachelewa, nikatia sahihi yangu juu kama mtengenezaji, na chini kama mwidhinishaji.

Miwani aliirudisha. Aliniuliza kwa nini fundi ana mkono mmoja ndani ya kitabu na mwingine kwenye jalada. Nikamjibu vibaya, nikamwambia kazi yake ni herufi, brashi aniachie mwenyewe. Hakubishana nami. Aliandika kwenye mstari wake kwamba hajaridhika na mkono, akaenda zake kunywa chai. Mwenye karakana aliporudi alizitazama sahihi zangu mbili, akautazama mchoro, kisha akauliza swali moja tu: huyu ni nani, na je, anajua?

Akachukua rula, akaongeza mstari wa nne: aliyechorwa.

Nilidhani nitanyang'anywa kalamu. Aliniachia, akasema aliyeonja aibu huangalia vizuri zaidi. Miwani nilimwomba radhi, akasema alishanisamehe kabla chai haijapoa. Nawashukuru mno watu hawa, dada, maana wananitendea ulichonitendea wewe. Unakumbuka nilivyokuwa nikikuletea michoro, ukaniambia ng'ombe huyu ana magoti ya mtu, nenda karudie? Nilinuna, lakini nilirudia. Kama leo naitwa mchoraji, ni kwa sababu hukunisifu bure.

Sasa naomba ukae chini. Niliunyoosha mkono ule kwa sababu nashindwa kuutazama. Siku ile jikoni hukuteleza. Nilivuta kitambaa cha meza nikitaka penseli yako, sufuria ya maji ya moto ikaja usoni kwangu, nawe ukatia mkono katikati. Mama alipoingia ukamwambia umeteleza. Nilikuwa na miaka sita, nikanyamaza. Nilifika kumi na sita, nikanyamaza. Mama ametangulia akiamini wewe ni mzembe wa jikoni, na kila alipokutania mbele ya wageni mimi nilicheka pamoja nao. Wewe ulijua, mimi nilijua, na hatukuwahi kulitamka. Leo nalitamka: ni mimi. Nisamehe, dada. Na ahsante, kwa sababu macho haya ninayochorea ndiyo yaliyokuwa mbele ya sufuria ile.

Ndani ya bahasha hii kuna majalada mawili, moja la vidole vilivyonyooka na moja la vidole vyako. Miwani ametia sahihi kwenye lile la pili tu. Ukitaka mkono uonekane, utaonekana. Usipotaka kuchorwa kabisa, nitatafuta sura nyingine na kuanza upya, na hakuna hapa atakayeguna. Mashine haitawashwa kabla ya jibu lako. Fundi ameifunika turubai, anasema umempa likizo na anakuombea maisha marefu.

Wabusu watoto, umwambie shemeji namkumbuka. Karatasi ya kijani nimeikunja pamoja na majalada, mstari wako ni ule wa chini kabisa. Usinionee huruma. Kagua kama ulivyomkagua yule ng'ombe.

Ni mimi mdogo wako, uliyemwita

Wino